Ruhusa ya Nyumba ya Mwera

Mwaka alioposwa dada yangu nilikuwa na miaka ishirini na saba na baiskeli kuukuu sita. Vyote viwili nilikuwa nimevihesabu mara mbili. Miaka, kwa sababu mama alinipa hesabu yake na marehemu baba alikuwa ameniachia nyingine. Baiskeli, kwa sababu pale mtaani kwetu Ngamiani baiskeli ikiegemezwa ukutani bila mtu wa kuiangalia huanza safari zake peke yake.

Kazi yangu ilikuwa udalali. Nilinunua baiskeli kwa watu waliochoka nazo, nikawauzia waliochoka kutembea. Wengi wa hao wa pili walikuwa vibarua wa mashamba ya mkonge, watu wa bara waliokuja kwa mikataba, na wakishika mshahara walitaka kitu kinachong'aa. Nilihesabu spoki, nikazihesabu tena kurudi nyuma, nikabonyeza tairi, nikasikiliza mnyororo, ndipo nikataja bei. Mnunuzi akitaja yake nilicheka kidogo, cheko la kutomuudhi. Niliamini kwamba kila jambo chini ya jua lina bei ya kwanza, ya pili na ya kweli, na kwamba mwenye subira huifikia ile ya kweli. Nalitaja hili mapema kwa kuwa ndilo lililoniponza.

Miaka ya hamsini ilikuwa yaelekea ukingoni na mji mzima ulizungumza uhuru. Kinyozi alizungumza uhuru wembe ukiwa shingoni mwa mtu. Tawi letu la chama halikuwa na ofisi. Lilikutana barazani kwa mzee mmoja, mtu wa Mwera kule Pangani, aliyehamia mjini zamani na kujenga nyumba ya mawe. Alikuwa karani wa serikali. Akaambiwa achague kazi au chama, akachagua chama, akarudi nyumbani na kalamu zake mfukoni. Nasema hivi ili nisimpunje. Ningependa sana awe mtu mbaya, ingenirahisishia kuandika.

Mzee huyo hakuwa mpiga kelele. Akisimama kuhutubia alishika kifundo cha bakora, akasema polepole kwamba hakuna binadamu aliyezaliwa kuwa mali ya binadamu mwenzake, na kwamba Mwingereza hana haki ya kutuamulia lini tusimame na lini tuketi. Nilisikia hotuba hiyo mara nyingi, nikajua hata mahali anapokohoa. Mimi ndiye niliyechukua bomba la bati la kupazia sauti, nimelifunga kwenye keria, kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Nilisambaza matangazo kwa baiskeli zangu mwenyewe na tairi zikaisha bila kudai. Mbele ya watu wote mzee yule aliniita ndugu. Mimi, mjukuu wa mjakazi wa nyumba yao, niliitwa ndugu, nikaitika.

Hapo sina budi kueleza. Bibi yangu mzaa mama alinunuliwa akiwa mtoto, akaletwa Mwera kwenye shamba la minazi la baba yake huyu mzee. Alitoka wapi, mwenyewe hakujua. Alikumbuka mto na jina la mbuzi waliyekuwa naye kwao, basi. Mama alizaliwa uani mwa nyumba ile, na baba yangu naye alikuwa mzalia wa hapo hapo. Utumwa ulipigwa marufuku kabla mimi sijazaliwa, na karatasi ya bibi ya kuachwa huru ilikuwamo sandukuni mwa mama, imekunjwa mara nne. Karatasi ile ilitosha kwa serikali. Kwa watu wa Pangani haikutosha. Huko desturi ilikuwa kwamba wazalia wa nyumba, wakitaka kuoa au kuoza, kwanza huenda kuomba ruhusa ya nyumba, yaani ya mkuu wake, ambaye sasa alikuwa mzee huyu. Mama alikwenda alipoolewa. Baba alikwenda. Hakuna aliyewashurutisha kwa fimbo. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba msikitini huingii na viatu.

Mwanamume aliyemposa dada alikuwa karani wa mizani kwenye shamba moja la mkonge upande wa Pongwe. Miaka kama arobaini, mkewe wa kwanza amefariki. Nilimkagua kama ninavyokagua baiskeli: meno, viatu, namna anavyokaa, namna anavyomjibu mtu aliye chini yake. Nilikwenda Pongwe mara mbili kuulizia habari zake, mara ya pili bila kumwambia mtu. Hanywi, hapigi, nyumba yake ina bati. Nikarudi nikamwambia mama kwamba mtu yule hana kutu. Dada alikuwa jikoni akisuuza mchele. Hakuwa mbali, nikaona amesikia, na sikuona haja ya kumwambia mtu jambo alilokwisha kulisikia.

Ami yake bwana harusi ndiye aliyekuja kufunga maneno. Mtu mfupi, mwenye kofia safi mno, aliyeketi ukingoni mwa kiti kana kwamba amekiazima. Tulielewana mahari upesi, upesi kuliko nilivyozoea, mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Kisha akaifuta kofia kwa kiganja na kuuliza nyumba ya Mwera wamesemaje.

Nikamwambia nyumba ya Mwera haihusiki. Baba yetu amefariki, walii wa dada yangu ni mimi.

"Sikatai," akasema. "Walii ni wewe, sheria yajulikana. Nauliza Mwera wamesemaje."

"Bwana, hizi zama za uhuru."

"Alhamdulillahi. Lakini sisi twataka ndoa isiyo na maneno. Kesho mtu asije akasema tumechukua mtu wa watu kimyakimya."

Akanipa hadi Ijumaa ya pili. Ruhusa ikipatikana, ndoa siku hiyo hiyo baada ya sala. Isipopatikana, hakuna ubaya, watatafuta mahali pengine. Alisema hivyo kwa upole, na mama aliyekuwa nyuma ya pazia nilimsikia akivuta pumzi. Dada alikuwa amefika miaka ishirini. Watu wawili walikwisha kuja kabla ya huyu wakaondoka kwa sababu hizi hizi, na wa tatu akiondoka, mtaa ungeanza kumtafutia ila nyingine.

Kesho yake nilikwenda kwa sheikh. Nilitaka aniambie kwamba jambo hili halina msingi, akaniambia hasa hivyo. Sheria haitaki ruhusa ya mtu yeyote wa Mwera. Nikamwomba basi akamweleze ami. Sheikh akachezea tasbihi yake, akasema, "Sheria haitaki, mwanangu. Watu ndio wanaotaka. Mimi nafungisha ndoa za watu."

Sikuvunjika moyo, maana nilikuwa na hazina yangu. Mzee wa Mwera si alikuwa ndugu yangu wa chama? Mtu aliyeacha kazi ya serikali kwa ajili ya maneno yale ya binadamu na mali ya binadamu. Nilijiona nikimweleza, naye akicheka, akimwita ami pale barazani na kumwambia mambo hayo yalikufa zamani. Nilikuwa na hakika hiyo kiasi kwamba sikuandaa hata bei ya kwanza.

Nilingoja mkutano wa tawi uishe, watu wakaondoka, tukabaki sisi wawili na birika la kahawa. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kikombe, akanipa kwa mkono wake.

"Ndugu yangu," akasema, "hilo si la chama. Hilo la nyumbani."

"Na la nyumbani lafanywaje, Mzee?"

"La nyumbani hupita uani."

Nilidhani anatania. Nikacheka lile cheko langu la sokoni. Yeye hakucheka, hakukasirika pia. Akanieleza kwamba mama yangu alipita uani, baba yangu alipita uani, akavua viatu tangu njiani, akakaa chini pasipo mkeka, akasema haja yake, akapewa ruhusa na baraka na sahani ya chakula. Hapo hapakuwa na kudhalilishana. Nikamuuliza inakuwaje mtu yule yule niingie kila siku kwa mlango wa mbele nikiwa na bomba la kupazia sauti, na siku moja niingie kwa nyuma kama mwizi wa kuku.

Akafikiri. Sikupata kumwona akijibu jambo bila kufikiri. Akasema, "Mwingereza ni mgeni, na mgeni akichosha huambiwa aondoke. Wewe si mgeni. Wewe wa kwetu. Nikikuambia huna haja ya kuja, nitakuwa nimekufukuza."

 Ni maneno ya mtu anayekupenda na aliyekushika mkono, na ukijaribu kuuvuta wako anaumia yeye.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama siendi. Mama alikuwa akipepeta mchele. Akasema yeye alipita mlango kama ule na haukumuuma. Nikamwambia tunapigania nchi ili mambo kama haya yaishe. Mama akaupuliza ungo, akaniuliza hiyo nchi itamwoa dada yako?

Basi nikafanya ninachokijua. Nikaanza kupatana.

Madai ya mzee yalikuwa matatu: mlango wa uani, miguu mitupu tangu njiani, na kukaa chini. Nikayahesabu, matatu. Nikayahesabu tena, matatu. Siku ya kwanza nikamwambia nitakaa chini lakini nitapita mbele. Akasema anayepita mbele huketi kitini, hajapata kuonekana mgeni wa mbele amekaa sakafuni, watu watadhani ni mgonjwa. Siku ya pili nikamwambia basi nitapita uani, ila nitaketi kitini. Akasema uani hakuna viti. Nikamwambia naweza kuja na changu kwenye keria. Hapo alicheka kweli, mpaka mkewe akachungulia, na nikaona bei inashuka. Niliijua dalili ile. Mnunuzi akicheka, nusu ya mkono imeshaingia mfukoni.

Siku ya tatu tulikubaliana. Nitapita mlango wa mbele. Viatu nitavua kizingitini, kama anavyovua mtu yeyote mwenye adabu, kwa hiyo hapo sikutoa kitu ingawa yeye alihesabu nimetoa. Na kukaa, nitakaa ndani, si kitini wala chini. Hapo ndipo tulipokwama hadi alasiri inakaribia kwisha, mpaka mkewe akatoa shauri kutoka jikoni: nikae juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Ni kiti, kwa kuwa huketiwa. Ni chini, kwa kuwa hakiinuki shibiri mbili. Mzee akaniangalia, nikamwangalia, tukapeana mikono.

Siku iliyofuata nilivaa kanzu yangu nyeupe nikapanda ngazi za mbele. Zilikuwa tatu, na nilizipanda polepole ili majirani nao wazihesabu. Mbuzi ililetwa kutoka jikoni, bado na chembe za nazi kwenye meno ya chuma. Nikakaa, kanzu nimeikusanya, magoti yamefika kidevuni, kile chuma kimetokeza kati ya mapaja yangu kama ulimi. Mzee alikuwa juu kitini, bakora mkononi. Nikasema nimekuja kuomba ruhusa ya kumwoza dada yangu. Akasema nyumba imeridhika. Tukasoma Fatiha. Mkewe akaleta kahawa na halua, na akanisaidia kuinuka kwa sababu mguu ulikuwa umekufa ganzi.

Nilitoka pale kama mtu aliyemuuzia inspekta wa polisi baiskeli isiyo na breki. Katika madai matatu nilikuwa nimevunja moja, la pili nimelipunguza hadi likawa si kitu, la tatu nimeligawa katikati. Nilipita sokoni nikanunua nyama. Kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu mtu alikuwa amepita mbele kuomba ruhusa. Niliona uhuru wangu binafsi umetangulia wa nchi kwa miaka kadhaa.

Dada alikuwa uani kwetu akianika nguo. Nikamsimulia yote, ngazi, mbuzi, namna mzee alivyocheka. Nilingoja acheke naye, kwani alikuwa mwepesi wa kucheka, tangu utotoni ndiye aliyekuwa akinicheka mimi. Alikung'uta kanga, akaitandaza kwenye kamba, akainyoosha pindo mpaka ikawa sawa.

"Kaka," akasema, "mimi nilikwisha kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Kwa Mzee. Juzi, na mama. Tulipita uani."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akanieleza bila haraka. Walivua viatu njiani, wakaingia, wakakaa chini. Alimbusu mkono mke wa mzee, akamsaidia kuosha vyombo vya mchana. Mzee akatoka, akasema nyumba imeridhika. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kunywa maji. Na ami wa Pongwe alikwisha kupelekewa habari jioni ile ile.

"Basi mimi leo nilikwenda kufanya nini?"

"Mzee alisema tukuache. Alisema una moyo wa moto, upatane naye kidogo, utatulia."

Nilikumbuka cheko la mzee, ile siku ya kiti na keria. Miaka yote ya udalali, na sikuwa nimepata kukutana na mtu anayepatana bei ya kitu ambacho tayari anacho mkononi. Nikamuuliza dada kwa nini alikwenda, mimi nikiwa nampigania.

"Najua ulikuwa wapigana," akasema. "Mlango ule ulikuwa wako na Mzee. Mimi niliona mama halali. Na kwangu ni mamoja, kaka, ruhusa itoke kwa Mzee au itoke kwako. Hakuna aliyeniuliza kama namtaka huyo mtu wa Pongwe."

"Kwani humtaki?"

Alichukua nguo nyingine kutoka kwenye beseni, akaikamua. Alikuwa na mikono yenye nguvu, maji yalitiririka mpaka miguuni kwake.

"Sasa wauliza," akasema. "Mchele umepepetwa. Watu wamealikwa. Nikisema simtaki, utafanya nini?"

Nilifungua mdomo. Mtu wa kazi yangu huwa na neno la kuanzia, hata liwe la uongo, ili mazungumzo yasife. Nilifikiri habari ya ami na kofia yake. Nilifikiri mtaa, na wale wawili waliokwisha kuondoka. Nilifikiri mama. Na, nisijitetee, nilifikiri pia kwamba nimekalia mbuzi mbele ya mzee yule na sitaki iwe nimeikalia bure. Nikafunga mdomo. Dada alinitazama nilivyonyamaza, akamaliza kuanika.

Siku tatu zilizobaki nilizunguka na baiskeli zangu nikijiambia kwamba hakusema hamtaki. Alisema hajaulizwa. Nilijiambia hayo ni mambo mawili tofauti, na nikayatenganisha kila asubuhi, na kila jioni nikayakuta yamekaa pamoja.

Ijumaa watu walijaa kwetu. Mzee wa Mwera alikuja na joho, akapewa mahali pa mbele, akazungumza na wazee habari za uchaguzi uliokuwa unakuja na watu wakamwegemea kumsikiliza. Sheikh akaketi, bwana harusi akaketi, nami nikaketi mbele yake. Mashahidi wawili wakatumwa mlangoni mwa chumba cha wanawake kumuuliza bibi harusi kama ameridhika. Sote tuliwasikia wakiuliza. Kisha kimya, na vikuku vya mtu mwingine vikilia.

Wakarudi. "Amenyamaza," wakasema.

"Mwanamwali kunyamaza kwake ni idhini yake," sheikh akasema, akajiweka sawa.

"Muulizeni tena," nikasema.

Watu wakageuka. Kisha ami wa Pongwe akacheka, akasema dalali ni dalali, hata ndoa yataka hesabu ya pili, na baraza zima likacheka naye. Mashahidi nao wakainuka wakitabasamu.  Nilikuwa nimejiapia kwamba akisema hapana, hata kwa sauti ya kunong'ona, nitasimama, na mtaa useme utakavyo. Nilimtaka aseme. Nilimtaka afanye peke yake, nyuma ya pazia, mbele ya wanawake arobaini, lile ambalo mimi nilikuwa nimeshindwa kulifanya uani kwetu tukiwa wawili.

Wakarudi. Amenyamaza.

Nilikijua kimya kile. Yeye alikwisha kunisikiliza mimi nikikitoa, na sasa alikuwa akinirudishia, kipimo kile kile. Sheikh akanitazama. Nikanyoosha mkono, bwana harusi akaupokea. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa adabu. Nikatamka maneno ya kumwoza, kila neno mahali pake, kwa sauti ambayo watu walisema baadaye ilifika barabarani. Vigelegele vikapasuka ndani. Mzee wa Mwera akainuka kunikumbatia. Akaniambia sikioni, "Umefanya kiungwana, ndugu yangu." Niliona macho yake yana machozi, na ya kweli.

Karibu mwaka ulipita. Chama kilizidi kukua, na nikazidi kuchukua bomba langu la bati. Niliimba, niligawa matangazo, nilipiga makofi panapostahili. Ila hotuba ile ya binadamu na mali ya binadamu ilipofika, nilijitafutia kazi ya kufanya nyuma, tairi ya kujaza upepo. Sikuwa nimeacha kuamini. Nchi hakika ingekuwa huru, hilo ulikuwa ukiliona linakuja kama mvua inayoonekana imeshanyesha mtaa wa pili. Ambacho sikukiona ni nani ndani ya nyumba zetu ingemlowesha.

Ukatangazwa mkutano mkubwa mjini. Wanawake wangewekewa mahali pao mbele kabisa, na nikapata shauri la kumleta dada. Nilidhani akikaa pale mbele, akasikia, patakuwa na kitu kimerudishwa, sikujua nini. Nikaendesha baiskeli hadi Pongwe. Nilimkuta mlangoni amekonda kidogo, ana mimba, nyumba imefagiliwa. Mumewe hakuwa akimtesa. Nilimuuliza hilo mara mbili, kwa maneno tofauti, na mara mbili akasema hapana, na niliamini. Akanipa maji. Akauliza hali ya mama. Hakunicheka hata mara moja.

Nikamweleza habari ya mkutano. Alisikiliza, akatazama upande wa kiwanda ambako mashine za mkonge zilikuwa zikinguruma.

"Sijui," akasema. "Kamuulize mwenyewe. Yuko mizanini."

"Wewe wataka kwenda?"

"Kamuulize mwenyewe, kaka."

Nikaenda. Palikuwa na foleni ya vibarua wenye tiketi zao za kazi, na karani alikuwa hainui kichwa kwa mtu asiye kwenye foleni. Nikasimama nyuma yao. Nilivua kofia, jua lilikuwa kali, na sijui kwa nini niliivua badala ya kuiacha. Zamu yangu ilipofika shemeji alinitambua, akanisalimu vizuri, akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba. Nimekuja kumwombea dada yangu ruhusa ya siku moja, aje mjini mkutanoni.

"Mkutano wa nini?" akauliza.

"Wa uhuru."

Akaandika kitu kwenye daftari lake, akampungia mkono aliyekuwa nyuma yangu asogee. Akasema atafikiri.

Nikamshukuru, nikarudi mjini.